Posa Kupitia Simu Isiyo na Mwenyewe

Mdogo wangu alipoposwa, baba yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Walii wake alikuwa baba mdogo, anayeishi Maskati, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa litoke kwenye simu. Hapo mume wangu akajipa kazi.

Mume wangu ni fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Raskazone, na wakati huo alikuwa ameziasi kampuni zote za simu. Alituwekea programu ya kupiga bure ambayo, kwa maelezo yake, haina mitambo ya kati wala tajiri. Sauti inatoka kwako, inapitia simu ya mtu mwingine mwenye programu hiyohiyo, halafu ya mwingine, mpaka ifike.

"Na huyo wa katikati akizima simu yake?" mama aliuliza.

"Sauti inajitafutia njia nyingine, mama. Huo ndio uhuru wenyewe. Hakuna mkubwa anayetusikiliza."

"Haya, mwanangu," mama akasema, kwa ile sauti anayowajibu wauza dawa za kuotesha nywele.

Wageni walikuja kutoka Muheza na kapu la machungwa na kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Sebule yetu ya mtaa wa Mabawa ikajaa. Simu ikalazwa juu ya mto kama mtoto mchanga, spika wazi, mama akakaa kando yake.

Mshenga akatoa salamu. Kimya. Akarudia. Kimya. Alipokwisha kuingia kwenye sifa za ukoo wa kijana, salamu zake zikajibiwa zote mbili kwa mfululizo, ikabidi akate maneno na kuanza upya. Mwishowe akafika alipotaka.

"Sheikh, tumekuja kuomba. Je, mmeturidhia?"

Simu haikusema kitu. Baba wa kijana akatazama dari. Mume wangu akanong'ona, "Inatafuta njia."

Mama uvumilivu ukamshinda. "Shemeji yangu huyu ana kiburi tangu ujana. Anapenda watu wamngoje."

"Naam," simu ikajibu, "nakubali kwa moyo mkunjufu."

Wageni wakacheka. Mshenga akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi, sheikh, tusome Fatiha?"

Tukainua mikono. Tulingoja mpaka mabega yakauma.

"Hilo silikubali hata kidogo," simu ikasema kwa ukali. "Na nyumba hiyo sikanyagi tena."

Baba wa kijana akanyanyuka taratibu. "Mkono mmoja katupokea, mwingine katusukuma. Twendeni." Kutoka chumba cha ndani nikasikia mdogo wangu akianza kulia.

Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Akachomoa kitochi chake kifuani, kile kisimu cha vibonyezo, akawafuata barazani walikokuwa wakitafuta viatu, akapiga Maskati kwa vocha, kama zamani. Baba mdogo akapokea papo hapo.

"Shemeji, nisamehe. La kiburi nililisema mimi, nawe umelijibu hilo, ila jibu limechelewa kufika. Wenzetu wamedhani umewakataa wao."

"Maneno hayo yamepitia simu za watu wangapi?"

Mume wangu alifungua mdomo kueleza kwamba yalifungwa kwa siri njiani, hakuna wa katikati aliyeyasikia. Nikamkanyaga mguu.

"Kungojwa napenda, ni kweli," baba mdogo akasema. "Kiburi sina. Mpe mshenga simu."

Fatiha ilisomwa palepale barazani, watu wamesimama, baba wa kijana ana kiatu kimoja mguuni. Kisha mama akaingia jikoni kuleta halua na kahawa kana kwamba hakuna lililotokea.

Mume wangu hakukata tamaa. Siku ya arusi alimvuta bwana arusi pembeni, akamweleza habari za uhuru. Yule kijana, kwa adabu ya ukwe, akaipokea programu kwa mikono miwili. Mpaka leo hajathubutu kuifuta, ingawa mkewe akitaka kumwuliza jambo humpigia kwa vocha.