Mwanga Hauna Uzito, Tone Linao

Mimi hufundisha fizikia katika shule ya Ganda, na hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wote wanalijua hilo. Jioni moja, Ramadhani ikikaribia, nilikuwa nyumbani Malindi nikitayarisha somo kwa sauti. Mamangu kaketi mlangoni akishona kofia, yale matundu madogo madogo akiyazungushia uzi. Alikuwa na presha ya macho, na dawa yake ni ya kutia asubuhi, mchana na jioni.

"Huo mwanga nao ni kitu?" akaniuliza.

"Ni kitu, lakini si maada. Maada ina uzito na huchukua nafasi. Mwanga hauna uzito wala hauchukui nafasi."

"Kwa hivyo kuniingia machoni kutwa nzima si kama nimekula."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. "Si kula, mama."

"Na tone la dawa?"

"Aa, hilo ni maada tupu. Lina uzito wake na nafasi yake."

"Haya," akasema, akaendelea na sindano. Nilidhani ananitania, maana mamangu kwa utani hajambo.

Kumbe mwenzangu alikuwa akiuliza la saumu. Mwezi mzima hakutia dawa mchana, na usiku, kwa uchovu wa jikoni na tarawehe, akawa anasahau. Siku ya Idi alinimiminia chai nje ya kikombe. "Mama, huoni?" nikafoka. Akapapasa kukitafuta kikombe, birika mkononi. Moyo ukanipasuka pa!

Daktari alisema kilichopotea hakirudi. Lahaula! Nilighadhibika, nisijue nimgombeze nani. Nikaenda kumuuliza sheikh wa msikiti wetu.

"Dawa ya macho haifunguzi saumu," akasema kwa upole. "Angekuja tu kuniuliza."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nilimkuta palepale mlangoni, uso kauelekeza juani, kofia mapajani, anayapapasa matundu kwa kidole.

"Umefika kwa sheikh?"

"Nimefika, mama."

"Amesemaje? Lile tone lingenifunguza?"

Nilimtazama, naye akatazama kando yangu kidogo, akidhani ndipo niliposimama. Nilikuwa sijawahi kumdanganya mamangu, hata utotoni nilikuwa naogopa.

"Lingefunguza," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akautafuta mkono wangu mpaka akaupata. "Basi macho hayakwenda bure."