Chuma Kilichokaa Kimya

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ndipo kimya kilipoanza, mwanangu, na bado nakikumbuka.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana, nikiongoza baiskeli za mikate za Bi Zaituni, mjane mwenye tanuri pale mtaani Mbugangari. Nyumba za ziwani zilitaka mikate ikiwa moto. Kazi yangu ilikuwa kujua wakati wote nani yuko wapi, nani amemaliza, nani atumwe wapi. Simu hatukuwa nayo. Katika kila njia tulitundika chuma cha gurudumu la lori. Mwendeshaji akipita alikigonga, kila mmoja kwa mapigo yake. Mimi nilisikiliza, kisha nikasogeza jiwe lake juu ya ubao nilipochora barabara za mji.

Asubuhi ile hapakuwa na upepo hata kidogo. Ukungu ulilala juu ya mawe meusi ya volkano. Habimana, mmoja wa waendeshaji, alishuka kwa njia ya mkato, ile ipitayo bondeni, nami nikasubiri chuma chake. Hakikulia. Hata ndege wa upande ule hawakulia.

Kaje, mwendeshaji mwenzake aliyeniita shefu, yaani mkubwa wa kazi, akacheka. "Anakunywa chai kule sokoni, yule. Sogeza jiwe, shefu, unitume mi. Wazungu ya hoteli watatukula sisi pahali ya mukate!"

Nilikuwa nimeshika jiwe tayari. Bi Zaituni akatoka tanurini, unga mikononi.

"We, umesikia chuma?"

"Hapana, Mama. Lakini kwa hesabu yangu amekwisha kupita."

"Hesabu yako iko na masikio? Mukate ikipoa, watu watakula. Mutu akipoa, utamupasha moto na nini? Simamisha wote!"

Nikapuliza filimbi ya kuwarudisha waendeshaji, tukashuka watatu. Bi Zaituni alifunga taa ya mafuta kwenye ufito mrefu, akaitanguliza chini chini. Tulipofika bondeni, taa ikazimika usawa wa magoti yetu. Hakuna aliyeipuliza.

"Mazuku," alinong'ona. Ndiyo ile hewa mbaya itokayo ardhini, isiyo na rangi, ambayo hukaa chini kama maji na kuzima moto na pumzi. "Musiiname."

Mbele yetu mbwa alilala ubavu, macho wazi, bila jeraha. Hatua chache kutoka kwake, Habimana alikuwa ameanguka juu ya mnyororo wa baiskeli uliochomoka, mkono bado umeushika. Aliinama kuurudisha, basi.

Kaje, kicheko kimemwisha, alijifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi, akaingia. Akamkumbatia mwenzake, sisi tukavuta. Juu ya ukingo Habimana alilala muda mrefu, uso wa kijivu. Halafu akakohoa, akauliza nani amekula mikate. Nilipotazama nyuma, ukungu ulikuwa umemfunika mbwa.

Mwanangu, ukikabidhiwa magari na watu wa kuyaendesha, usiweke dhana mahali pa habari. Mtu akinyamaza, simamisha kazi umtafute. Usimtume wa pili mahali ambapo wa kwanza hajajibu. Mteja atakasirika, na hasira yake itapita.

Mungu akupe moyo mtulivu, na kila unayemtuma asubuhi amrudishe kwa watu wake jioni.