Mswaki kwenye foleni ya Kasumbalesa

Baba alikuwa dereva wa lori, na mwaka niliomaliza chuo nilimsindikiza hadi Kasumbalesa. Tulikaa siku tatu kwenye foleni ya mpakani. Asubuhi ya kwanza alishuka na kikombe cha maji, akapiga mswaki kando ya gurudumu bila haraka, huku madereva wenzake wakigombania nafasi. Mimi nilisukutua mdomo tu.

"Na weye, hausukule meno?" akaniuliza.

"Nikisukula, fizi inatoka damu, papa. Njo maana niliacha."

Hakunicheka. "Damu inatoka sababu uchafu inabakia pale, mutoto wangu. Ukiacha, itazidi."

Akaninunulia mswaki laini kwa mchuuzi, akanionyesha kuulaza pale jino linapokutana na fizi na kuuzungusha polepole, asubuhi na kabla ya kulala.

Damu iliendelea siku kadhaa. Nilitaka kukata tamaa, lakini nilimwonea haya mzee ambaye hata vumbi la foleni halikumfanya aache siku moja. Wiki ya pili, nyumbani Lubumbashi, nilitema povu jeupe tupu. Nikamwita aje aone. Akainama juu ya beseni, akatabasamu.

"Sasa endelea," akasema.