D ya Fizikia

Nyanzala binti Nkwabi alizaliwa mwaka wa njaa, na kwa Wasukuma jina lake halihitaji maelezo zaidi ya hayo. Baba yake alikuwa ametoka Meatu na ng'ombe wake, akapita mapori ya Tabora, akaingia Mpimbwe, na mkewe akajifungua kabla nyumba haijaezekwa. Wazee waliokuja kumtazama mtoto walisema aliyezaliwa kwenye shida namna hiyo atakuwa ama mlalamishi ama king'ang'anizi. Kulalamika hakukuwahi kumfaa Nyanzala.

Kwa miaka mingi, ukishuka Majimoto, mji wa huko Mpimbwe, ukaulizia nesi, watu walikuuliza kwanza, "Nesi yupi? Au unamtaka Mayu?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, lakini Wapimbwe na Wafipa nao walimwita hivyo hivyo, hata wanawake waliomzidi umri. Alikuwa wodi ya wazazi ya kituo cha afya, mwanamke mnene kiasi, mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka. Mama akiingia anapiga kelele kwamba anakufa, Nyanzala alimwambia, "Hufi leo. Leo tuna kazi nyingine," na mama yule alitulia, akashika kazi.

Kitu kimoja tu kilimkaa rohoni, nacho kilianzia shule. Shule ya kata aliyosoma ilikuwa na madarasa, ilikuwa na uwanja, ilikuwa hata na kengele ya rimu ya gari. Mwalimu wa Fizikia haikuwa naye. Alipita kijana mmoja wa kujitolea, akafundisha muhula mmoja, akapata kazi kwingine akaenda zake. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Nyanzala alikuwa na C ya Baiolojia, C ya Kiingereza, D ya Kemia na D ya Hisabati. Fizikia alipata F. Darasa zima lilipata F.

Chuo cha uuguzi alichokwenda wakati ule kiliangalia Baiolojia na Kemia, kikampokea. Akasoma cheti, akaajiriwa, akaolewa na Alois, Mpimbwe mkulima wa mpunga. Baadaye akarudi kusoma stashahada akiwa na watoto wawili nyumbani, akatoka na wastani wa B ya juu. F ile ilibaki imelala kwenye cheti cha kidato cha nne, na hakuna aliyeiuliza.

Aliyekuja kuiamsha hakuwa na nia mbaya. Getrude alifika kituoni kama nesi mgeni, na Nyanzala ndiye aliyemfundisha kumpokea mtoto aliyetanguliza matako. Miaka ikapita, Getrude akaenda kusoma shahada, akarudi Majimoto kama muuguzi mfawidhi, bosi wa wote. Siku ya kwanza ya ubosi wake alipiga goti kidogo mbele ya Nyanzala akamwamkia kama zamani.

"Mayu," alimwambia siku moja wakiwa wanapanga vifaa, "kila ninachokijua cha wodi hii umenifundisha wewe. Wanafunzi wa chuo wakija hapa kwa mazoezi, wanakuzunguka wewe. Nenda kachukue digrii, urudi uwafundishe rasmi."

"Na huu utu uzima wangu?"

"Chuo hakiulizi umri. Kinauliza sifa."

Wakakaa kwenye benchi la nje, Getrude akafungua simu yake, wakaanza kusoma sifa za chuo alichosoma yeye. Mwombaji awe na stashahada ya uuguzi. Anayo. Wastani wake usipungue B. Haukupungua. Awe amefaulu kidato cha nne, kuanzia D kwenda juu, katika Kiingereza, Hisabati, Kemia na Baiolojia. Nyanzala alikuwa akiitikia kila somo kama anayeitikia majina ya wanawe. Somo la tano lilikuwa Fizikia.

Getrude alishusha simu. Nyanzala ndiye aliyesema, "Hapo sina."

Walitafuta chuo kingine, na kingine tena. Sharti lile lilikuwa likiwangoja kila walikogeukia. Habari ikatoka nje ya kituo, maana Majimoto habari haikai ndani, na mtu mmoja akamnong'oneza sokoni kwamba vyeti hutengenezwa, mbona wengi wanavyo. Nyanzala alimgeukia.

"Halafu nikimshika mgonjwa," akamwuliza, "namshika kwa mikono ya nani?"

Usiku alimweleza mumewe. Alois alicheka kwanza, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Hiyo Fizikia si imeandikwa na watu?" akasema. "Basi irudie. Kupika napika mimi."

Naye alipika kweli. Wali wake ulishika chini mara kwa mara, lakini hakuna aliyeusema.

Baba yake, Mzee Nkwabi, alitaka kuelewa zaidi. Alikuja na fimbo yake, akakaa, akauliza Fizikia ni kitu gani.

"Ni elimu ya nguvu, baba. Na uzito, na mwanga, na joto, na umeme."

Mzee akafikiri. "Na wewe uzito huujui? Si unapima watoto kila siku?"

"Kupima najua. Wanauliza kwa nini."

"Hao watu ni wasumbufu," alisema Nkwabi. Lakini kesho yake alileta jogoo, kwa ajili ya mwalimu atakayepatikana.

Mwalimu alipatikana kliniki. Aliitwa Aurélie, mzaliwa wa Katumba, wa wazazi waliotoka Burundi zamani, na alifundisha Fizikia na Hisabati sekondari ya pale pale Majimoto. Alikuja na mimba yake ya kwanza, mwoga wa kila kitu. Nyanzala alimhudumia mpaka akajifungua salama. Mtoto alipoanza kukaa, Aurélie akasema, "Dada Nyanzala, sasa zamu yangu." Jumamosi baada ya Jumamosi, mwanamke yule mzima aliingia nyumbani kwa mwalimu na madaftari kwenye mfuko wa rambo, wakasoma huku mtoto akitambaa baina yao.

Watu hupenda kusema kwamba nesi anayepima presha anaijua Fizikia tayari, hajui tu kwamba anaijua. Si kweli. Presha Nyanzala aliijua, Fizikia hakuijua. Yote ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha dawa na maradhi. Alichanganya kasi na mchapuko. Alichora miale ya mwanga ikapita mahali ambapo mwanga haupiti. Mara nyingine Aurélie alieleza jambo mara ya nne, na Nyanzala akiitikia kwa kichwa, na wote wawili wakijua kwamba hajaelewa.

Alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya mtihani, akapata F.

Siku hizi matokeo hutoka kwenye mtandao, na kila mwenye simu ni mkuu wa shule. Kabla ya saa sita mchana soko zima lilijua. Mwuza dagaa mmoja alimwita kwa sauti:

"Mayu! Nasikia umerudi kidato cha nne. Yunifomu yako iko wapi?"

"Iko kwa fundi," Nyanzala akajibu. "Anaipanua."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao, akanunua dagaa wake akaenda. Nyumbani alifunga mlango wa chumba, akalia mpaka kitambaa kikalowa. Alilia kwa sababu ya wanafunzi wa chuo waliokuwa wanamtegemea, na kwa sababu ya wali ulioungua, na kwa sababu safari hii mwalimu alikuwepo, kwa hiyo hakukuwa na wa kumlaumu.

Mzee Nkwabi alikuja jioni. Hakumwambia pole. Alikaa sebuleni akaanza kumsimulia Alois habari za kuhama, kwa sauti ya kusikika chumbani.

"Tulipofika Ugalla mto umejaa. Tukawaingiza ng'ombe, wakafika katikati, wakageuka wote. Wote! Vijana wakasema tuwauze hapo hapo kwa watu wa Tabora. Nikasema, nyie, ng'ombe akigeuka hajakataa kuvuka, amechoka tu. Tukawapa siku za kula majani. Tukawaingiza tena."

"Wakavuka?" Alois aliuliza, ingawa hadithi hiyo aliijua.

"Sasa hapa unakunywa maziwa ya nani?"

Mlango wa chumba ukafunguliwa. Nyanzala akatoka, macho mekundu, akaenda jikoni kumtengea baba yake chakula.

Mwaka wa pili alisoma kwa namna nyingine. Alimwambia Aurélie asimweleze tena. Ampe maswali tu. Akayafanya maswali ya mitihani iliyopita, akakosea, akayarudia, akakosea machache kuliko mwanzo, akayarudia. Aliacha kutaka kuipenda Fizikia. Aliichukua kama zamu ngumu, ile ambayo hupendi lakini huondoki mpaka mwenzako afike. Na katika kuirudia huko, siku moja ambayo hakuitegemea, miale ilipita kwenye lenzi ikakutana pale inapotakiwa kukutana. Aliitazama karatasi. Akaichora tena upande wa pili. Ikakutana.

"Mwalimu," akasema taratibu, "njoo uone."

Aurélie alikuja na mtoto ubavuni. Akatazama. Akampigia makofi, na mtoto naye akapiga.

Asubuhi ya mtihani mvua za mwanzo zilikuwa zimeshageuza njia kuwa tope. Nyanzala alifika shuleni viatu mkononi. Wanafunzi waliokuwa barazani wakasimama wote kwa pamoja: "Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba. Mimi si mwalimu, wanangu. Nami nafanya mtihani kama nyie."

Walitazamana. Kisha msichana mmoja aliyemtambua akamsogezea ndoo ya maji anawe miguu, akamwambia, "Basi Mayu, usiwe na presha." Nyanzala akacheka mpaka woga wote ukamtoka.

Matokeo yalitoka akiwa zamu. Aurélie hakupiga simu. Alipanda bodaboda na mtoto mgongoni, akashuka mlango wa wodi ya wazazi kabla pikipiki haijasimama sawasawa.

"D!" alipaza sauti. "Dada! D!"

Nyanzala alikuwa ameshika kitabu cha zamu. Alikiweka mezani vizuri, akakinyoosha, kisha akakaa kwenye kiti cha wageni. Mama mmoja aliyekuwa akingoja uchungu ukolee akainua kichwa kitandani.

"D ndiyo nini?"

"Ndiyo nimefaulu," alisema Nyanzala, na aliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe, alifunika uso kwa mikono yote miwili. Getrude alitoka mbio ofisini akidhani kuna dharura. Akakuta wanawake watatu wamekumbatiana na mtoto amebanwa katikati.

Mzee Nkwabi alichinja fahali. Halikuwa dume lililozeeka, bali lile jeusi ambalo wachuuzi walikuwa wakilimezea mate. Watu walikuja kutoka pande zote za Mpimbwe: wakulima, wafugaji, waendesha bodaboda, wanawake na watoto waliopokewa na mikono ya Nyanzala. Miongoni mwa wageni alikuwapo Maximilian, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno ya sawasawa, ambaye baada ya sahani ya pili alimwinamia mwenyeji wake.

"Mzee Nkwabi, pongezi sana. Lakini uelewe, D ndiyo ya chini kabisa katika kufaulu. Kuna C, kuna B, kuna A."

Nkwabi akasimama. Alikuwa mrefu bado, na watu wakamgeukia.

"Mwalimu anasema hii D ni ya chini," alitangaza. "Sawa. Hata kizingiti cha mlango ni cha chini. Binti yangu amesimama nje yake tangu hawa wengine hawajazaliwa, leo amekivuka. Mwenye A na amle ng'ombe wake. Huyu ni wa D. Kuleni!"

Maximilian ndiye aliyeanza kupiga makofi, tena kwa nguvu, na jioni ile alionekana akimweleza kila aliyekaa karibu naye kwamba Fizikia ni somo gumu.

Dirisha la maombi lilipofunguliwa, Nyanzala na Getrude walikaa kwenye benchi lile lile. Safari hii aliitikia masomo yote matano. Chuo kilimchagua, mwajiri akampa ruhusa ya masomo, na wiki ya mwisho kabla ya kuondoka wodi ya wazazi haikupumzika kwa wageni, wengine hawana hata mimba, wamekuja tu kumshika mkono.

Alisafiri kwa treni kutoka Mpanda. Alois alibeba mchele wa kwao wa kumtosha muhula mzima. Mzee Nkwabi alivaa koti lake la harusini na kofia, akaja naye kutoka Majimoto, mikono yake mikubwa ikiwa imeshika fimbo kama anayelinda mtu mkubwa. Pale stesheni abiria mmoja alimpisha kwenye benchi.

"Mzee unasafiri?"

"Hapana. Nimemleta mwanafunzi. Anakwenda chuo kikuu."

Abiria yule akatazama huku na huku akitafuta kijana mwenye begi. "Yuko wapi?"

Nkwabi alinyoosha fimbo kuelekea dirisha la behewa, ambako mwanamke wa makamo mwenye kilemba alikuwa akibishana na mumewe kuhusu mahali pa kuuweka mchele.

"Yule. Atakuwa mwalimu wa manesi."

Alisema kwa sauti iliyowafanya watu wa benchi la pili na la tatu wageuke. Honi ikalia. Nyanzala akatoa kichwa nje, akamtafuta baba yake kwa macho mpaka akampata, na mzee akavua kofia akaishika kifuani, jambo ambalo Alois hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya yeyote. Behewa likasogea, likapita, treni ikapinda kuelekea Kaliua. Nkwabi alibaki amesimama mpaka moshi nao ukaisha.

"Twende," alimwambia mkwewe, akivaa kofia. "Tukamwambie mama yake amepata kiti cha dirishani."