Ufa Uliokuwa Ndani ya Meseji

Mvua ndefu ilipopita, ardhi ya mtaa wetu hapa Nakuru ilianza kupasuka. Mwenyekiti wa mtaa aliomba kila nyumba imtumie meseji ieleze imeona nini, na wapi. Jumamosi tulikuwa tuanze kuchimba msingi wa darasa la nasari, na mama mmoja alikuwa ameuliza mkutanoni, "Na hiyo ploti ya watoto, iko salama?"

Kwa vile nilisoma kompyuta miezi mitatu baada ya fomu foo, kazi ikanijia. Nikamwaga meseji zote kwenye jedwali, nikabonyeza zijipange kwa alfabeti. Loo! Karibu zote zikarundikana kwa herufi B. Huku kwetu mtu hawezi kukuambia nyumba yake inapasuka kabla hajasema "Bwana asifiwe."

"Futa hizo salamu," mwenyekiti akasema.

"Nifute Bwana asifiwe zote hizi, mzee? Si radi itanipata hapa hapa!"

"Basi zihamishe. Mungu atazisoma hata kwa safu nyingine."

Nikazihamisha kwa heshima. Kilichobaki nikakigawa: safu moja walichoona, nyingine mahali. Mmoja aliandika posho mill, mwingine mashine ya unga, mwingine "pale tunasagia." Ni mahali pamoja, nikapaita jina moja. Kanisa vivyo hivyo, tangi la maji vivyo hivyo. Nikapanga tena.

Nilishika mdomo. Meseji zote zile, za watu ambao hawakukaa chini kuelewana, ziliishia mahali patatu tu: tangi, kanisa, posho mill. Na ukisimama kwa tangi, hivyo vitatu vimenyooka kama vimepigwa kamba ya fundi. Kati ya kanisa na posho mill hapakuwa na meseji hata moja, kwa sababu hakuna anayeishi pale. Pale ndipo ilipokuwa ploti ya watoto.

Mwenyekiti aliangalia skrini, akachukua mtaimbo, tukaenda. Nyasi zilikuwa za kijani, mbuzi wanakula bila wasiwasi. Akadunga. Mtaimbo ukazama mpaka ngumi yake ikagusa nyasi, na huko chini tukasikia mchanga ukimiminika, mbali, kama maji.

"Mzee, toka hapo," nikanong'ona.

Akarudi kinyumenyume, kofia mkononi. Jumamosi tulichimba ng'ambo ya barabara, mahali mtaimbo ulikataa kabisa kuingia, na fundi akalalamika mchana kutwa kuhusu ugumu wa mawe. Mimi nilikuwa nikicheka tu.