Halwa Tuliyoila Bafuni

Nitakuhadithieni, lakini chekeni kwa adabu, maana mke wangu Rahma yupo chumba cha pili na mpaka leo akiusikia mkasa huu anajifunika uso kwa ushungi wake. Mimi haya sina tena, ziliniishia zote mchana ule mmoja katika mji mdogo wa Uholanzi, mbele ya Wazungu kumi na moja na mbwa wao.

Kwanza lazima mjue nilivyolelewa. Mama yangu ni Mzanzibari wa kale aliyehamia Ibra, huku Oman, na kwake yeye adabu yote ya binadamu imo katika kukataa chakula. Ukenda nyumba ya watu ukakaribishwa, unakataa. Ukikaribishwa mara ya pili unakataa tena, mwenye nyumba anaapa, anakushika mkono, anakuvuta, na mara ya tatu ndiyo unakaa, tena unakaa kama mtu aliyeonewa. Anayekubali mara ya kwanza ni mroho, na habari za mroho kwetu zinafika Jalan Bani Bu Hassan, mbali kule, yeye bado hajanawa mikono. Na mtoto hafungui kinywa mpaka amtazame mzazi wake. Binti yangu Lamya, ana miaka mitano, nimemfundisha hivyo hivyo: Baba akikutolea macho, jawabu ni "La, shukran, nimeshiba." Watu wa Nizwa, ninapofanya kazi, walikuwa wakinisifu, "Mashallah, Badru, mtoto ana adabu huyu," na mimi nikivimba.

Basi kiangazi kilichopita, joto la Nizwa limetushinda, tukaona na sisi twende Ulaya kama watu. Tulipokwenda Ibra kumuaga Mama akanishika mkono mlangoni.

"Mwanangu, huko usimtolee mtoto macho mbele za watu. Wazungu wakiona wanamchukua."

"Mama, hizo hadithi za WhatsApp," nikamwambia. (Mjuaji mimi.)

Paris tulikaa hoteli. Brussels tulifikia kwa rafiki yangu mmoja Mpemba, na huyo Mungu amzidishie, maana tulikataa chakula kwa heshima zote na mkewe akatulazimisha mpaka nikafungua mkanda kwa siri chini ya meza. Nikasema kumbe hata Ulaya dunia inakwenda vile vile. Hilo ndilo lililonipoteza.

Kituo cha mwisho kilikuwa kwa Seif, Uholanzi. Seif tumesoma naye Ibra, dawati moja, miaka sita. Yuko kule mwaka wa kumi na nane sasa, kaoa Mholanzi, Marloes, mwanamke mwema ambaye Mama yangu anamwita Maryam kwa kurahisisha. Mwaka mzima kila akinipigia simu Seif alikuwa na neno moja tu: "Badru, usiniletee kitu. Niletee halwa ya Nizwa, ile nyeusi ya zaafarani. Nataka jirani zangu waonje, wajue na mimi nina kwetu." Nikaibeba bakuli nzima, kilo tatu, nikaipakata toka Nizwa hadi Paris hadi Brussels, Rahma akisema ile bakuli inapendwa kuliko yeye.

Siku ya kwenda kwa Seif tulishinda kwenye treni. Rahma chakula cha njiani hakukiamini (kila alichokitazama alikiona kina nguruwe), kwa hiyo tulikula biskuti na tende, basi. Tumefika saa kumi na mbili, matumbo yanalia kwa sauti, Marloes kaandaa meza: samaki wa siagi, viazi, mboga, harufu inakupokea mlangoni. Akasema kwa Kiingereza, karibuni sana, mmekula?

Na mimi, bila hata kufikiri, nikasema, "Tumekula, tumeshiba."

Seif akanitazama. "Kweli?"

"Wallahi."

Neno moja. Laiti ningejiuma ulimi. Nilikuwa nangojea sehemu yangu ya pili, nishikwe mkono, nivutwe, niapiwe. Marloes akasema, "Basi vizuri," akaondosha sahani tatu, akaketi yeye na mumewe, wakala. Sisi tukakalishwa kwenye kochi, watatu kwa safu, tunawatazama. Seif, kijana wa Ibra, aliyelishwa na Mama yangu kwa mkono wake, anachambua mwiba wa samaki na kuniuliza habari za mtandao wa barabara.

"Baba, mimi njaa," Lamya akaninong'oneza.

Nikamtolea macho. Marloes akageuka, akamuuliza kama anataka hata kipande kidogo. "La, shukran," akasema mwanangu, machozi yanamlenga, "nimeshiba." Na mimi, Mungu anisamehe, nilijivuna.

Chumbani Rahma akanigeukia. "Umeapa?"

"Nilijua atanilazimisha."

"Atakulazimisha vipi, na wewe umeshamtia Mungu baina yenu?"

Nikaitazama ile bakuli. Nilikuwa na halwa. Nikasema tuchukue vidole vitatu tu, pembeni, haitojulikana. Lakini chumba tulichopewa mlango wake wa kioo na hauna kitasa cha maana, mlango pekee unaofungwa kwa ufunguo ni wa bafu, kwa hiyo watu watatu wenye adabu zao tukaingia bafuni na bakuli, jua la kule bado linawaka nje, tukakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, tukala kwa mkono. (Bafuni, nasema. Choo kilikuwa chumba chake mbali. Hili mtaona kwa nini nalisisitiza.)

Asubuhi Marloes akauliza kama tunataka mkate na jibini. Mngefikiri nimejifunza. Nikasema sisi asubuhi kahawa tu, ndiyo desturi ya Oman, na nikaona Rahma anafumba macho. Tukarudi bafuni. Vile vidole vya pembeni vikafika katikati.

Adhuhuri yake, kumbe, Seif kaalika watu bustanini kwa ajili yetu: wakwe zake, jirani, mpaka mwalimu wa Marloes wa gitaa. Meza imejaa, nikajiambia alhamdulillah, hapa hapana maswali, hapa mtu anajipakulia tu. Kabla sijagusa sahani Seif kasimama, kagonga gilasi kwa kijiko, kaanza hotuba. Rafiki yake wa utotoni kaja kutoka mbali, na kaja na kitu ambacho yeye Seif hajakitia kinywani mwaka wa sita, toka kwenye maziko ya mama yake. Kumbe keshaingia chumbani kwetu, keshaitoa mkobani mwenyewe. Akaiweka katikati ya meza, akakifunua kifuniko kwa mikono miwili.

Ilikuwa kama pamepita kuku. Mashimo ya vidole vyangu, mashimo ya vidole vya Rahma, na katikati mifereji midogo midogo ya mtoto. Mbwa peke yake ndiye aliyesogea.

"Badru," Seif akasema kwa Kiswahili, taratibu, "hii imekuwaje?"

"Forodha," nikasema. "Watu wa forodha waliipekua, ya akhi. Uwanja wa ndege."

Akainama, akatazama. "Forodha ya Ulaya ina vidole vidogo hivi?"

Hapo Lamya akanyanyua mkono kama yuko darasani na akasema kwa Kiingereza, kile Kiingereza safi cha skuli yake ambacho nikiwaringia binamu zangu: "Siyo forodha. Sisi tumeila. Chooni."

"Bafuni," nikasema.

Hakunisikia mtu. Bibi mmoja mnene mwenye nywele nyeupe, jirani yao wa nyumba ya pili, jina lake Truus, aliweka uma wake chini, akaja akapiga magoti mbele ya mwanangu. Seif akaninong'oneza kwamba huyu kabla ya kustaafu alikuwa mtu wa ustawi wa watoto.

"Umekula lini chakula, mpenzi?" akamuuliza.

"Jana. Kwenye treni. Biskuti."

"Na jana jioni?"

"Halwa. Na Mama na Baba. Tumefunga mlango."

"Na kwa nini hukula mezani?"

"Baba alinifanya hivi," akasema Lamya, na akawatolea macho. Yalikuwa macho yangu hasa, na nyusi na kila kitu, juu ya uso wa mtoto wa miaka mitano. Akawageukia wote mmoja mmoja wapate kuona vizuri.

Sasa nakwambieni kweli, hapo kicheko kiwekeni kando kidogo. Niliogopa. Nilimuona Mama yangu amesimama mlangoni Ibra ananionya, nikamuona Lamya anapandishwa gari na watu nisiowajua, na mimi najieleza kwa Kiingereza changu cha ofisi kwamba njaa ya mtoto ilikuwa adabu. Rahma alimvuta mtoto akamkumbatia. Na Marloes akasimama, uso mwekundu, akaniuliza, "Mmelala na njaa? Nyumbani kwangu?" Akaingia ndani analia, na hilo liliniuma kuliko yote, maana mwanamke wa watu alipika.

Seif ndiye aliyeniokoa. Akawatolea darasa la mila za Waswahili wa Oman, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kushikwa mkono, yote, na mimi nimesimama pale kama kielelezo. Baba mkwe wake akauliza swali moja tu: na kama mwenye nyumba naye ana adabu asimlazimishe mgeni, si mtu atakufa? Seif akasema, "Ndiyo huyu, karibu afe." Wakacheka. Halafu akanigeukia kwa Kiswahili na hakuwa anacheka. "Mimi huku nimezoea, mtu akisema hapana ni hapana. Lakini wewe ungeniambia mimi. Mimi, Badru."

Bibi Truus yeye hakucheka wala hakuhutubia. Alijaza sahani, kuku, viazi, saladi, akamkalisha Lamya, akamtazama akila mpaka akamaliza. Akajaza ya pili, akaja akaisimamisha chini ya pua yangu.

Na kinywa changu, wallahi (hii ni ya kweli), kikasema chenyewe: "La, shukran, nimeshiba."

Bibi akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye kiti, akanikalisha kwa nguvu, akanitolea macho. "Kula," akasema.

Nikala. Hatimaye nimelazimishwa, tena na mtu wa serikali. Kesho yake asubuhi alipita tena na sufuria ya supu ya njegere, akakaa mpaka sote watatu tumemaliza, ndipo akaenda zake.

Seif nimeshampelekea bakuli nyingine, na Marloes nimemuomba radhi mara tatu, ya tatu ndiyo kaikubali, nadhani kwa kunikomoa. Na nimeweka nadhiri: kiapo changu na tumbo langu havitakutana tena.

Lakini kuweka nadhiri ni jambo moja na kuvunja tabia ni jingine. Ijumaa iliyopita tulikwenda Al Hamra kwa baba yake Rahma, mtu mkubwa, mtu wa maneno machache, ambaye mbele yake mimi hata maji nakunywa kwa adabu. Imeletwa sinia ya wali na mbuzi, mzee akasema, "Karibu, mwanangu." Nikahisi ile "La, shu..." inapanda. Kabla haijafika, Lamya, ambaye amekwisha kaa na keshakunja mikono ya kanzu yake, akamwambia babu yake kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni:

"Babu, mimi nakula. Baba mshike mkono. Usipomshika, atakwenda kula chooni."