Winga wa Kupelekwa Nyeri

Gatimu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalimtoka kwa shida. Tangu amalize darasa la nane alikuwa akipakia viazi kwenye malori pale Naro Moru. Jioni alifundisha timu ya mpira ya wapagazi, vijana wanaowabebea mizigo wapanda mlima. Uwanjani hakuhitaji kusema sana. Alinyoosha kidole, wakaelewa.

Jumamosi hiyo kidole kisingetosha. Klabu ya ligi kutoka mjini Nyeri ilikuwa imeomba winga mmoja, mmoja tu, na jina lilitakiwa jioni ile. Waliofaa walikuwa wawili: Mwai, mwana wa dada yake Nduta, na Miriti, kijana wa upande wa Meru aliyekuja kubeba mizigo akabaki.

Kila mtu alisema Mwai. Akishika mpira, mabeki walimgonga wakaanguka kama kuku waliogonga ukuta. Gatimu naye alisema hivyo moyoni, mpaka juzi Nduta alipoingia uani akivuta kondoo dume.

"Mpwa wako hajawahi kukuletea chako," Nduta alisema. "Nimekuletea mimi kwa niaba yake."

Kwao kijana akishatahiriwa humpelekea mjomba wake mnyama, na mjomba humbariki. Mwai alikuwa amechelewa miaka. Kukataa kondoo ni kumlaani mtoto. Kumpokea wiki ile ya kuchagua winga kungeonekana kama hongo.

"Ungengoja wiki ijayo," Gatimu alisema.

"Kwani mila iko na kalenda? Na ujue, ukimwacha Mwai sasa, hakuna mtu atasema ni mpira. Watasema mjomba amemlaani. Nani atampa binti yake? Na mimi sitakanyaga hapa kwako tena."

Nduta ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Gatimu alipokea kamba.

Kwa hivyo alipofika uwanjani Jumamosi, habari zilikuwa zimemtangulia. Kingori, mwenyekiti wa timu, alimngoja kwenye lango.

"Kocha, nasikia umesajili mchezaji mpya. Ati anacheza na miguu nne."

Watu wakacheka. Gatimu alitazama nyasi.

"Na usiku analia kweli," jirani mmoja akaongeza. "Labda anataka jezi."

Nduta alikuwa amekaa kando ya uwanja na kikapu mapajani. Hakucheka.

Uwanja ule umeinama. Goli moja liko juu, na nyuma ya goli la chini kuna mto. Mipira mingi imekwenda na maji, ndiyo maana kwa miaka mazoezi yao yote ni ya kushambulia kupanda. Siku hiyo pia walianza hivyo. Mwai alipanda na mpira, akamgonga beki bega, akafunga. Alirudia. Miriti alipanda mara mbili, akaishiwa na pumzi.

"Imeisha," Kingori alisema. "Andika jina twende tukanywe chai."

Gatimu alifungua mdomo aseme Mwai. Jina lilifika kwenye ulimi likakwama. Uwanja wa Nyeri haukuinama. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kusukuma mpira mlimani kama mkokoteni, akawapima kwa hilo, na hakuwahi kumwona Mwai akikimbia mahali ambapo mpira hauhitaji kusukumwa.

"Geukeni," alisema. "Mtashambulia kuteremka."

"Na mpira ukiingia mtoni?"

"Nitaununua."

Mwai alianza. Aliupiga mbele kwa nguvu zake za kila siku, nao ukamkimbia hadi mikononi mwa kipa. Mara ya pili aliupunguza, ukamkimbia tena. Mara ya tatu uliingia mtoni. Hakuna aliyecheka sasa. Mpira mwingine ukaletwa. Miriti aliteremka nao polepole kidogo, ukiwa umeshikamana na mguu kama mbwa anayemjua mwenyewe, akampita beki wa kwanza, akampita wa pili, akafunga kando ya kipa. Akarudi, akafunga tena.

Kingori alimsogelea Gatimu. "Hiyo ni bahati. Fikiria nyumbani kwako, mzee. Sema Mwai, hakuna atakayekulaumu."

Hilo ndilo lililomtisha. Angesema Mwai, wote wangempigia makofi.

"Miriti," alisema.

Sauti ilimtoka ndogo mno. Kingori akasema hajasikia.

"Miriti ndiye anaenda."

Nduta alisimama, kikapu kikaanguka. Alivuka mstari akaja hadi mbele ya kaka yake. "Basi sema mbele ya hawa watu. Umemlaani?"

Gatimu hakuwa amewahi kuhutubia watu, hata kwenye harusi yake alisemewa.

"Huyu ni kijana wangu," alisema, akimwonyesha Mwai. "Kondoo wake nimempokea na sitamrudisha. Baraka sijamnyima. Nimemnyima nafasi, kwa sababu mpira unamkimbia, na aliyemfundisha vibaya ni mimi." Akamkaribia Mwai, akainua mkono ili ambariki pale pale.

Mwai alirudi nyuma hatua moja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Si leo, mjomba," alisema, akaondoka na viatu vyake mkononi.

Gatimu akaanza kumfuata. Nduta akamshika koti.

"Mwache. Akitaka atakuja mwenyewe." Akaachilia koti. "Mimi pia usinifuate leo."

Aliinama kuokota kikapu. Gatimu akainama pia, akamsaidia, na Nduta hakumkataza.